Sauti Iliyotangulia Picha

Bunda, Jumapili alasiri

Idrisa mwanangu,

Umekwenda Butiama kumuaga mama yako mdogo, nami nimebaki hapa sebuleni na begi lako, limeshafungwa. Mambo ya kula, ya kulala na ya marafiki nimekwambia wiki nzima, mpaka ukawa unanijibu "sawa, Mama" kabla sijamaliza kusema. Hayo siyarudii. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi uikute ukiwa umeshafika Dodoma. Najua ni woga. Ningekuwa jasiri ningekwambia uso kwa uso, na kama ningekuwa jasiri tangu zamani nisingekuwa na la kukwambia.

Umeniulizaga mara nyingi kwa nini niliacha kazi ya video, nami nakujibu ni macho. Macho yangu ni mazima, Idrisa. Juzi nimetunga uzi kwenye sindano mara moja tu, ukaniona, ukacheka: "Mbona unaona vizuri hivyo?" Nikakwambia vitu vya karibu naviona.

Jambo hili nilishaamua kufa nalo. Lakini wiki iliyopita ulikuwa unaunganisha ile video ya mahafali ya mtoto wa jirani, vipande vya simu tatu, na mwenyewe amekaa pembeni yako ana haraka. Nikakusikia unamwambia, "Hapa sauti na picha zimepishana kidogo, ila hakuna atakayegundua." Nikatoka kwenda uani. Ulidhani nakwenda kuanua nguo. Nilikwenda kusimama nyuma ya choo mpaka mteja wako alipoondoka.

Ndiyo nikajua lazima nikwambie, kwa sababu kazi unayokwenda kuanza Dodoma, ya kuunganisha video, ni ileile.

Mwaka yaliponipata haya ulikuwa kidato cha tatu, unakaa kwa mjomba wako Nyakato, Musoma. Mimi nilikuwa na banda langu hapa Bunda karibu na soko, na kamera aliyoiacha baba yako, Mungu amrehemu. Wapiga video wote wa mjini walikuwa wanaume. Waliniita Shangazi Kamera, wakicheka. Mimi nilikuwa natabasamu, moyoni nikisema mtanikoma. Nilikuwa na kiburi, mwanangu, kiburi cha mtu anayeogopa kuchekwa, na sijui kiburi kibaya kuliko hicho.

Siku moja akaja bibi mmoja kutoka Mugeta, anaitwa Bibi Nyangi. Mwembamba, mrefu, kanga yake imefungwa vizuri, anaongea polepole. Akasema mume wake, Mzee Makuru, anaumwa na anajua haponi. Wana watoto wawili wa kiume waliobaki hai. Magesa, mkubwa, alikuwa Musoma kwenye biashara zake. Wambura, mdogo, alikuwa Kiabakari, mkewe ana genge la mbogamboga pale barabarani. Mzee alitaka kuwagawia mji wake, ng'ombe na ardhi, kwa mdomo wake, kwenye video, kabla hajafa.

"Kwa nini asiwaite wenyewe, Bibi?"

"Akiwaita watajua anakufa. Na akimwita mwenyekiti leo, kesho kijiji kizima kinajua. Anataka wasikie siku ya kusikia."

Nikaenda. Tulikuwa watatu tu siku hiyo: mzee, mkewe na mimi. Mwanzo mzee alikaa kwenye kiti mlangoni, akaongea na kamera kuhusu ng'ombe, nani achukue yupi, akicheka akikumbuka majina yao. Alipomaliza ng'ombe, betri ikaniishia. Pale hapakuwa na umeme. Hilo ni kosa langu la kwanza, sikubeba betri ya pili, ila makosa ya namna hiyo yanasameheka. Nikamwambia, "Mzee, ya ardhi nitachukua kwa simu."

"Mashine ni mashine," akasema, akainuka.

Akasema atatembea kutoka mtoni kupanda mpaka atakapoamua. Alikwenda mbele na fimbo yake, Bibi Nyangi nyuma yake, mimi nyuma ya Bibi na simu ya tachi mkononi. Alikuwa ananipa mgongo muda wote. Alipita bondeni kwenye tope, akafika kwenye kichuguu kikubwa, akasimama kupumua, fimbo ameichomeka kwenye udongo. Akaendelea. Akapita nyumba ya Bibi Nyangi, na nyuma ya nyumba ile pana makaburi mawili madogo ya watoto wao waliofariki wachanga. Akapanda tena kidogo mpaka kwenye jiwe jeupe. Hapo akasimama, akaligonga kwa fimbo mara mbili, akasema, "Kutoka mtoni mpaka hapa ni kwa Wambura. Kutoka hapa mpaka barabarani ni kwa Magesa. Basi. Zima."

Leo nakuandikia haya kana kwamba niliyaona hivyo. Sikuyaona hivyo. Mpiga picha haangalii anachopiga, unajua mwenyewe. Nilikuwa naangalia kioo cha simu, mashimo ya njiani, na jua lililokuwa linanipiga usoni. Mtu angeniuliza jioni ile mzee alisema neno gani akiwa wapi, ningebabaika.

Mzee Makuru alifariki wiki iliyofuata. Bibi Nyangi akaleta salamu kwamba wanaye wamekuja, na wazee wa ukoo watakaa Jumapili kuangalia. Ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi nilikuwa na harusi.

Unachokwenda kufanya Dodoma unakijua kuliko mimi, lakini niache niseme kwa namna yangu. Kila mashine ina hesabu yake ya picha. Kamera ya baba yako ilikuwa inapiga picha ishirini na tano kwa sekunde moja. Simu ilikuwa inapiga thelathini. Ukitaka kuziunganisha, lazima kwanza uzigeuze ziwe za hesabu moja na za aina moja, ndipo uzishone. Kwa kompyuta yangu ile, kugeuza ilikuwa kazi ya kutwa, na umeme ukikatika unaanza upya. Lakini kulikuwa na njia ya mkato, programu inayogundisha vipande vivyo hivyo vilivyo, dakika mbili umemaliza. Nikagundisha.

Kipande cha kwanza kikafuata kamera, kikaenda vizuri. Cha pili kikalazimishwa kufuata hesabu ya cha kwanza. Picha thelathini zikaambiwa mwende kwa mwendo wa ishirini na tano, kwa hiyo picha zikawa zinajikokota. Sauti haikungoja. Kila dakika sauti inatangulia mbele zaidi, picha inabaki nyuma zaidi. Mzee angekuwa ameielekea simu ningeona mdomo na maneno haviendi pamoja. Nilichokuwa naona ni mgongo wake.

Niliangalia mwanzo, nikaona safi. Nikaruka mpaka mwisho. Mwisho nikaona sauti imekwisha na picha bado inakwenda kimya, karibu dakika nzima. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikaukata ule mkia nikautupa, nikafunga kompyuta, nikaenda kuchaji betri za harusi. Ndani ya mkia ule ndimo alimokuwa mzee amesimama kwenye jiwe.

Jumapili tukakaa Mugeta, nyumbani kwa mzee. Kompyuta juu ya stuli, wazee sita, Magesa, Wambura, Bibi Nyangi kwenye mkeka. Mzee alipoanza kuongea habari za ng'ombe wote walilia, hata Magesa. Mdomo na maneno vilikwenda pamoja kabisa, ilikuwa kama amerudi. Wakaiamini mashine ile, Idrisa. Walipofika kwenye kutembea hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Kwenye picha mzee akafika kwenye kichuguu. Akasimama. Akachomeka fimbo. Na sauti yake ikasema, "Kutoka mtoni mpaka hapa ni kwa Wambura."

Kabla ya maneno hayo ilisikika fimbo inagonga, ko, ko. Mlio wa mti kwenye jiwe. Na macho yangu yanaiona fimbo imezama kwenye udongo.

Nilijua. Nataka hili ulisome mara mbili kama itabidi. Sikuja kujua baadaye. Nilijua palepale, nimekaa kwenye kiti nilichopewa kwa heshima, soda mkononi.

Kutoka mtoni mpaka kwenye kichuguu ni bonde, ni tope, mvua zikija maji yanakaa. Huwezi kujenga. Nyumba ya Bibi Nyangi na makaburi yale vilikuwa ng'ambo ya kichuguu, upande wa mlimani, kwa hiyo vikaangukia kwa Magesa. Wambura akainama. Aliyesema ni mama yake.

"Siyo hapo," akasema. "Alisema kwenye jiwe. Mimi nilikuwa nyuma yake."

Magesa akamwambia kwa upole, "Mama, umechoka. Tangu msiba uanze hulali."

"Nimechoka, lakini sijawa kipofu. Mama Idrisa, tulikuwa wote. Sema."

Wote wakanigeukia. Niliwaona wale wanaume wa mjini wanaoniita Shangazi Kamera, ingawa hawakuwepo. Nilijiona nikisema, samahanini wazee, niliunganisha harakaharaka kwa sababu ya harusi, kazi hii imeharibika. Sentensi moja. Ningechekwa wiki mbili, labda mwezi.

Nikasema, "Bibi, mimi nilikuwa naangalia kioo. Lakini kamera haisahau. Tunaosahau ni sisi."

Mzee mmoja wa ukoo, ndugu wa marehemu, akatikisa kichwa kukubali. Bibi Nyangi akanitazama. Kisha akachukua pindo la kanga akajifuta mdomo, kama mtu aliyemaliza kula.

"Basi," akasema. "Kama mashine imesema, mimi nani?"

Jioni ileile nilipofika banda langu niligeuza vipande vyote vikawa vya hesabu moja, nikangoja, nikaunganisha upya. Mzee akapita kichuguu kimya. Akapita nyumba. Akafika kwenye jiwe, ko, ko, akasema maneno yake. Nikaangalia mara nne. Nikajiambia wiki hii nakwenda Mugeta.

Kabla wiki haijaisha, Magesa alikuja mwenyewe. Huyu usimfanye mtu mbaya kwenye kichwa chako, maana mimi nilijaribu kumfanya hivyo miaka yote ili nipumue, sikuweza. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akasema, "Mama Idrisa, hapa tuko wawili tu. Baba alisema hivyo?"

"Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Nakuuliza wewe."

Video sahihi ilikuwa kwenye kompyuta, umbali wa mkono wangu. Nikamwambia, "Alisema hivyo."

Akashukuru, akaondoka.

Sijui kukueleza kwa nini. Nimejieleza mwenyewe kwa njia nyingi, kila moja inakwisha. Mara ya kwanza niliona aibu ya kazi mbovu. Mara ya pili niliona aibu ya mara ya kwanza. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilikuwa inaongeza, mpaka ikawa siwezi kuinua mguu. Nikaanza kurudisha watu wa harusi. Nikafunga banda. Ulikuja likizo ukakasirika, ulitaka kompyuta ya kujifunzia, na hapo ndipo nilipokupa uongo wa macho. Ulinionea huruma, ukawa unanishika mkono tukivuka barabara. Miaka yote hii umenishika mkono barabarani, Idrisa, na mimi nimekuachia unishike.

Habari zilinifikia sokoni. Magesa alitaka kujenga nyumba ya tofali pale juu. Akamwambia mama yake akae kwa Wambura, ndiyo desturi, mama hukaa na mtoto wa mwisho. Kwa Wambura ni tope. Kwa hiyo Wambura akambeba mama yake akampeleka Kiabakari, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya genge la mkewe. Nyumba ya Bibi Nyangi ikabomolewa.

Nilikaa na habari hiyo miezi minane. Ndipo nikaenda Kiabakari, kompyuta kwenye mfuko.

Nilimkuta amekaa nje anachambua udaga wa mihogo kwenye ungo. Alikuwa amepungua. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, Mama Idrisa. Karibu." Akanisogezea kigoda kama mgeni wa kawaida. Nikamweleza yote, ya picha kujikokota, ya mkia niliokata, ya fimbo na jiwe, na kwamba nilijua siku ileile. Alisikiliza huku anachambua. Nikafungua kompyuta.

"Funga hiyo kitu," akasema.

"Bibi, humu mna ukweli. Uangalie tu."

"Ukweli mimi nilikuwa nao. Wewe ndiye ulikuwa huna." Akapepeta ungo. "Unajua kilichoniuma? Nyumba ni udongo. Wanangu walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Tangu siku ile, nikisema chumvi imezidi, wanaonja kwanza."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza wala hakunifukuza.

"Mwisho na mimi nikaanza," akasema. "Naamka najiulizaga, lile jiwe lilikuwepo kweli?"

"Lilikuwepo, Bibi. Angalia, tafadhali. Angalia uone."

Akaitazama kompyuta iliyofungwa, halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa.

"Na nikiangalia nikaona kichuguu tena?"

Hakuangalia, wala siku ile wala baadaye.

Wambura aliposikia kwa mama yake alikuja kuichukua ile video akaipeleka kwa wazee. Nikaitwa tena Mugeta. Safari hii sikupewa kiti, nilikaa pembeni kwenye tofali za Magesa. Waliangalia mpaka mwisho. Yule ndugu wa marehemu akaniuliza, "Mama, ile ya kwanza ulituambia kamera haisahau. Hii ya pili imekumbuka lini?"

Nikaeleza habari za picha thelathini na ishirini na tano. Nilijisikia nikieleza, Idrisa, na hata mimi nisingemwamini mtu anayeongea vile. Wakasema video mbili zinazopingana si ushahidi, ni mchezo, na nyumba ya Magesa imeshafika kwenye lenta, imekaribia paa. Wakafunga kikao. Magesa alinifuata nikiwa nakwenda barabarani. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi angenitukana.

"Nilikuuliza," akasema. "Tulikuwa wawili tu." Akarudi.

Alikuwa ameiamini video ya pili, kuliko wazee wote. Lakini alikuwa ameshabomoa nyumba ya mama yake kwa mikono yake, na mtu aliyefanya hivyo kwa neno langu, nani atamrudisha? Nasikia anaishi kwenye nyumba ile na hajaimalizia.

Bibi Nyangi alifariki kwenye mvua zilizofuata. Magesa alituma gari aletwe Mugeta azikwe karibu na watoto wake. Wambura akakataa, akasema mama yake hazikwi kwenye ardhi ya mtu. Kwa hiyo amelala Kiabakari katikati ya watu asiowajua, na wale wachanga wake wawili wako Mugeta, na Magesa na Wambura hawajasalimiana mpaka leo. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma. Mke wa Wambura aliniona. Alihamisha watoto wake upande wa pili.

Nilidhani kusema kweli kutanipunguzia mzigo. Watu hutuambia hivyo. Nimesema kweli kwa Bibi, kwa wazee, na kwa Magesa, na leo kwako, na hakuna kilichopungua. Nikiswali, nikifika kwenye shahada, kile kidole kinapoinuka kushuhudia, siwezi kukitazama. Nimeswali hivyo miaka minne, nimefumba macho.

Sina la kukufundisha kuhusu kazi. Umenipita. Wewe hukubali kushona kabla hujageuza, nimekuona, na ile siku ya mahafali labda ilikuwa haraka tu. Sikwambii usikosee pia, utakosea, kila mtu anayeshika mashine anakosea. Ninachokiogopa sijui kukiita jina. Naogopa siku moja utakuwa umekaa mbele ya watu, utasikia fimbo inagonga jiwe na macho yanaona udongo, na mtu mnyonge kuliko wote pale atakugeukia akwambie, sema. Sijui utafanya nini. Nimekulea miaka ishirini na mbili na sijui, kwa sababu mimi nilijijua miaka arobaini na sikujua. Na wewe ni damu yangu. Hilo ndilo linanikosesha raha kuliko safari yenyewe.

Sikuombi unisamehe. Niliowakosea si wewe, na mmoja wao ameshakwenda na hofu yake.

Kesho stendi nitacheka na kondakta, nitakununulia maji na karanga, nitakuombea dua mlangoni mwa basi. Hayo yote yatakuwa ya kweli. Hii nayo ni ya kweli, imechelewa tu.

Ukimaliza kuisoma, nipigie. Kama huna la kuniambia, nipigie hivyohivyo, tunyamaze wote wawili mpaka salio liishe.

Mama yako,
Zaituni